Je, Cheti Chetu Kinasema Kweli?



Siku moja baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alituuliza mbele ya watu ni kitu gani tunachofanya usiku ndani ya ofisi ya kanisa, tukimaliza moto wa betri. Wengine walidhani tunaangalia mpira. Tukamjibu kwamba tunasoma fizikia ya kwantamu, somo la chuo kikuu, kwa njia ya intaneti. Mzee akauliza tena: "Hiyo italeta unga?" Watu wakacheka, na sisi tukacheka pamoja nao.

Swali lake ni halali, ila tutalijibu kwa ufupi kwa sababu silo lililotusumbua. Paneli ya sola iliyo juu ya bati la kanisa, ile inayowasha taa ya wanakwaya na kuchaji simu zenu, inafanya kazi kwa sababu mwanga hufika kwa vipande vipande, na kila kipande kina nguvu yake. Kipande chenye nguvu kidogo mno hakiwezi kuing'oa elektroni mahali pake, hata vikija vingi namna gani. Habari ya vipande hivyo aliitoa Albert Einstein mwaka 1905. Mwaka 1933 yeye mwenyewe alilazimika kuacha Ujerumani, na mwaka huohuo Max Born, ambaye tutamtaja tena, alifukuzwa kazi ya ualimu kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi akaenda kuishi Uingereza. Kwa hiyo elimu hii imepita mikononi mwa wakimbizi zamani, kabla haijafika Nakivale. Unga haileti, mzee, bado.

Jambo lililotusumbua ni lingine. Tunaliandika hapa sisi wanne tuliosoma: ndugu wawili wa idara ya vijana, dada mmoja, na mwalimu wa shule ya msingi anayetuzidi sote kwa umri. Kila mmoja amesoma kila mstari kabla haujapelekwa kwa mhariri, na mtaona mbele kwa nini tunalitaja hilo.

Kwanza mjue tulichosoma. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake wazi kwenye intaneti kwa mtu yeyote, bila malipo, bila kujiandikisha, na pia bila cheti. Humo tulipata mafundisho ya Fizikia ya Kwantamu aliyoyatoa Allan Adams mwaka 2013, na yale ya Barton Zwiebach, mzaliwa wa Peru, ya mwaka 2016. Video tulizipakua usiku, tukaziweka kwenye kadi ya memori.

Mwalimu Adams anaanza na masanduku mawili. Anasema, tuseme elektroni ina sifa mbili, rangi na ugumu. Kwa rangi ni nyeupe au nyeusi, kwa ugumu ni ngumu au laini. Hayo ni majina ya kufundishia tu. Elektroni haina rangi ya kuonekana kwa macho. Nyuma ya majina hayo iko sifa ya kweli iitwayo spini, ikipimwa kwa pande mbili tofauti. Sanduku la rangi linapokea elektroni na kuitoa kwa mlango mmoja ikiwa nyeupe, kwa mlango mwingine ikiwa nyeusi. Ukichukua zilizotoka nyeupe ukazipitisha tena kwenye sanduku la rangi, zote zinatoka nyeupe. Mpaka hapo hakuna neno.

Sasa chukua elektroni 100 nyeupe, uzipitishe kwenye sanduku la ugumu. Nusu zinatoka ngumu, nusu laini. Zile 50 ngumu uzirudishe kwenye sanduku la rangi. Mtu angesema zitatoka nyeupe zote, kwa kuwa zilikuwa nyeupe. Hapana, zinatoka 25 nyeupe na 25 nyeusi. Kupima ugumu kumeifuta rangi iliyokuwepo.

Halafu likaja jaribio lililotunyima usingizi. Elektroni 100 nyeupe zinaingia sanduku la ugumu. Mlango wa ngumu una njia yake, mlango wa laini una njia yake, kisha vioo vinazigeuza njia zote mbili zikutane tena, bila mtu wala chombo chochote kupima kitu kimepita wapi. Mwisho wake liko sanduku la rangi. Zitatoka ngapi nyeupe? Tulipiga hesabu kwa akili ya kawaida. Kila elektroni imepita ama njia ya ngumu ama njia ya laini. Zilizopita ngumu ni 50, zitatoa nyeupe 25. Zilizopita laini vilevile. Jumla nyeupe 50, nyeusi 50. Mwalimu wetu aliandika jibu hilo kwa kalamu ya wino, tena akalipigia mstari.

Kumbe zinatoka nyeupe zote 100. Na ukiziba njia moja kwa ukuta, 50 zinaishia ukutani, na 50 zinazobaki zinatoka 25 nyeupe na 25 nyeusi. Yaani kuifungua njia ya pili, ambako ungetegemea nyeusi ziongezeke, kunafanya isitoke nyeusi hata moja.

Adams anatumia elektroni na masanduku ili kurahisisha, lakini majaribio ya jamii hii yamefanyika kweli. Mwaka 1974 yalifanyika Vienna kwa chembe ziitwazo nyutroni. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake huko Japani walionyesha elektroni zikifika moja moja kwenye kioo cha kunasia, nukta moja hapa na nyingine pale kama matone ya kwanza ya mvua, mpaka nukta hizo zikajipanga kuwa mistari, ingawa kila moja ilisafiri peke yake.

Dada ndiye aliyetufungulia maana. Yeye alisoma sehemu ya Hesabu na Fizikia huko Bukavu, akaacha masomo kwa sababu mnazozijua. Alichora mishale chini kwa kijiti nje ya ofisi. Akasema, kila njia ambayo jambo linaweza kutokea ina mshale wake. Kwanza unajumlisha mishale. Ndipo jumla yake unaizidisha kwa yenyewe, na hapo unapata uwezekano wa jambo hilo. Kanuni ya kuzidisha hivyo aliitoa Max Born mwaka 1926. Kwa upande wa weupe, njia ya ngumu inatoa mshale wa nusu na njia ya laini inatoa mshale wa nusu, yote miwili ikielekea kulia. Jumla ni moja, na moja mara moja ni moja, ndiyo zile 100 kwa 100. Kwa upande wa weusi, njia moja inatoa nusu ya kulia na nyingine nusu ya kushoto. Jumla ni sifuri. Ukiziba njia moja unabaki na nusu peke yake; nusu mara nusu ni robo, ndiyo zile 25. Kuku walipita juu ya mishale wakaivuruga, lakini tulikuwa tumeshaelewa.

Tunamwomba msomaji akae nasi kidogo hapa. Mwalimu wetu hakukosea kujumlisha. 25 na 25 ni 50, hilo halina ubishi. Kosa lilikuwa katika sentensi ya kwanza, ile tuliyoiona ni ya bure kabisa: kila elektroni imepita ama njia hii ama njia ile. Hakuna aliyeona. Hakuna aliyepima. Tuliijaza sisi wenyewe, kwa kuwa akili haipendi nafasi tupu, na sentensi hiyo moja ikatuletea jibu la uongo kwa hesabu iliyo sahihi.

Sisi wakimbizi tunajua kujaza. Mtu anaulizwa mbele ya meza: ulivuka mpaka tarehe ngapi, saa ngapi, mlikuwa wangapi? Alivuka usiku amebeba mtoto mgongoni. Anaona kunyamaza kwake kunaandikwa vibaya, basi anataja tarehe. Mwaka wa pili anaulizwa tena, anataja nyingine. Mtu huyo hatumhukumu, wengi wetu ndio yeye. Lakini tumeona faili zinavyokwama kwa ajili ya sentensi moja iliyojazwa.

Sasa habari ya cheti.

Tulivyosema, masomo yale ya wazi hayatoi cheti. Ndugu mmoja kati yetu akapata kwenye intaneti mahali pengine panapofundisha somo hilohilo, kwa majuma 12, lenye mazoezi kila juma na mtihani mwishoni, na ukilipa unapewa cheti. Tulichanga sote wanne. Tuliandikisha jina la huyo ndugu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na barua pepe na ndiye aliyekuwa akitafuta nafasi ya chuo. Yeye alisoma Kiingereza na kututafsiria. Dada alifanya mishale na zile namba changamano. Mwalimu alihakiki kila jibu na kutunza daftari. Wa nne alilinda betri, alinunua mega, na aliuliza maswali ambayo mara nyingi yalituonyesha kwamba wengine watatu hatujaelewa. Majibu yalitumwa yote kwa jina moja. Mwisho tulipata 84 kwa 100. Cheti kikaja, tukakichapisha pale sokoni Base Camp, tukatoa sadaka ya shukrani.

Baadaye ndugu akaomba nafasi ya masomo, na wazee wakatutaka sisi watatu tuandike barua ya ushuhuda kwamba amefaulu somo hili. Dada akasema hataweza kutia sahihi. Hakusema kwa hasira. Alisema, "Cheti ni kizuri. Lakini mimi humo simo, na yeye humo yumo kuliko alivyo."

Tulijadiliana majuma matatu, na tunaandika mawazo jinsi yalivyokuja, hata yale yanayotuaibisha.

Wazo la kwanza lilikuwa la Biblia. Waamini wa kwanza, katika Matendo 4, walikuwa na vitu vyote shirika. Kama shamba na pesa viliwekwa pamoja, kwa nini maarifa yasiwekwe pamoja chini ya jina moja, hasa jina la yule mwenye nafasi ya kusonga mbele? Wazo hilo lilitupendeza mpaka mwalimu aliposema tugeuze ukurasa. Katika Matendo 5 wako Anania na Safira. Petro mwenyewe anamwambia Anania kwamba shamba lilikuwa lake na bei yake ilikuwa mikononi mwake. Angebakiza nusu na kusema ni nusu, tusingeisoma habari yake. Alileta sehemu akaiita yote. Sisi pia hatukukosea kushirikiana. Kosa ni kwamba kazi ya wanne tuliiita kazi ya mmoja.

Wazo la pili lilikuwa la haki. Siku ya kujiandikisha tulibonyeza mahali pa kukubali masharti, bila kuyasoma. Baadaye tuliyasoma: mtu afanye mitihani na mazoezi kwa nguvu zake mwenyewe, wala asimpe mwingine neno lake la siri. Tukasema, masharti haya yametungwa na watu ambao kila mmoja ana mashine yake mezani, sisi tuna moja kwa wanne, yatufungeje? Tunakiri wazo hilo lina ukweli ndani yake, na bado tunalishika kwa sehemu. Lakini masharti hayakukataza kusoma pamoja wala kuelezana mishale chini. Yalikataza kutuma majibu ya wengine kwa jina lako. Na kuhusu kutosoma, tulikumbuka Yoshua 9. Waisraeli waliwaapia Wagibeoni bila kuuliza shauri, tena wakiwa wamedanganywa, na hata hivyo walikaa na kiapo chao. Sisi hatukudanganywa na mtu. Tulikuwa na haraka tu.

Tena tujiulize nani anaumia. Chuo kile cha mbali hakiumii sana. Anayeumia ni kijana mwingine, labda wa Rubondo au Juru, aliyepata 60 peke yake kwa simu iliyovunjika kioo, ambaye karatasi yake itawekwa mezani kando ya yetu yenye 84.

Wazo la tatu lilitoka ndani ya somo lenyewe, na ndilo lililokaribia kutushinda. Kuna jambo katika fizikia hii ambalo sisi tuliliita kufungamana. Elektroni mbili zinaweza kutayarishwa pamoja hivi kwamba hali ya zote mbili kwa jumla inajulikana kikamilifu, na hali ya kila moja peke yake haipo kabisa. Ukipima moja, inatoka juu au chini bila mpango wowote. Ukipima ya pili kwa upande uleule, siku zote inatoka kinyume cha mwenzake. Erwin Schrödinger aliandika mwaka 1935 kwamba mtu anaweza kuijua jumla kwa ukamilifu bila kuzijua sehemu zake. John Bell alitoa njia ya kulipima jambo hili mwaka 1964, na mwaka 2022 Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel kwa majaribio yao juu yake. Ndugu akasema: "Basi! Sisi ndio hivyo. Wanne kwa pamoja tunajua, na mmoja mmoja haiwezekani kusema nani anajua nini. Cheti kimeandika jumla."

Tulinyamaza kwa muda. Ni maneno mazuri, na mmoja wetu alitaka hata kuyahubiri. Yule wa maswali ndiye aliyeyavunja. Aliuliza, "Kwani tukimpa kila mtu karatasi yake leo, hatutajua?" Tukagawa karatasi. Tatizo lile la njia mbili, namba zikiwa zimebadilishwa. Dada alimaliza haraka. Mwalimu alifika nusu. Ndugu mwenye cheti aliandika jibu la mwisho bila kuweza kueleza limetoka wapi, maana alilikumbuka. Wa nne alirudisha karatasi tupu, akacheka. Basi sisi si elektroni. Kwetu kila mmoja ana kiasi chake, kinapimika, na tulikuwa tukikwepa kukipima.

Tangu hapo tunaogopa kidogo kuchukua mfano wa fizikia na kuuweka mahali pa ushahidi. Mhubiri mmoja mgeni alitwambia kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa unachokitazama kwa imani ndicho kitakachotokea. Hawakuthibitisha hivyo. Sanduku la ugumu linagawa nusu kwa nusu bila kujali anayetazama anataka nini, na linagawa hivyo hata chumba kikiwa hakina mtu, mradi chombo kipo. Wengine wanasema maombi husafiri kwa kufungamana. Elektroni zilizofungamana haziwezi kupeleka ujumbe wowote, hesabu yenyewe inakataa. Sisi tunaamini Mungu husikia maombi, na tuliamini hivyo kabla ya kwantamu. Imani ikiegemezwa kwenye sayansi tusiyoielewa, siku kijana wetu akienda chuo akaielewa, atadhani na imani ilikuwa ya namna hiyohiyo.

Kwa upande mwingine hatutaki mtu aseme kwamba maarifa ya pamoja ni ya uongo. Tuliyajua mambo yale tukiwa pamoja, na hakuna hata mmoja, dada naye akiwemo, ambaye angemaliza majuma 12 peke yake. Wanasayansi wenyewe hawafichi jambo hili. Mwaka 2012 ilipotangazwa kwamba chembe ya Higgs imepatikana, kila moja ya makala mbili za tangazo hilo ilibeba majina ya watu zaidi ya 2,000. Waliandika majina yote. Cheti chetu kina mstari mmoja wa jina, na mstari huo ulitosha kumfuta dada aliyebeba nusu ya mzigo. Hilo ndilo linalotuuma zaidi hata kuliko masharti tuliyovunja.

Ndugu ndiye aliyeamua, sisi hatukumlazimisha. Alikitoa cheti kwenye barua zake za maombi. Badala yake tuliandika ukurasa mmoja, tukataja kila mmoja alifanya nini, tukaeleza na lile zoezi la karatasi na matokeo yake, na wazee wakaweka mhuri. Mama yake ndugu huyo hakufurahi. Alikuja nyumbani kwa mwalimu akasema tumemkosesha mtoto wake nafasi kwa ajili ya maneno ya kitabuni. Hatukuwa na jibu la kumtosha, tulimpa kiti na chai. Majibu ya maombi yale hayajafika hadi tunapoandika.

Kwa sasa ndugu na dada wameanza somo upya, kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri. Mashine ni ileile moja, kwa hiyo siku ya mazoezi mmoja anaingia ofisini na mwingine anakaa nje na mwalimu, wakizungumza mambo mengine. Juma la tatu dada alipata 91, ndugu alipata 58. Bado anagombana na mishale, hasa ile inayoelekea kushoto.

Anayetaka masomo yale ya wazi aje ofisini Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, alete kadi yake ya memori yenye nafasi, na daftari la mistari. Dada ataanza na namba changamano. Watoto wa shule ya sekondari wanakaribishwa, na mzee wa unga pia.